Karabai za Kibokoni na mtambo unguramao Rabai

Mwaka wa 1994 dada yangu aliolewa, na katika usiku wa kupamba kwake ami yangu alizima taa za Kibokoni nzima. Hivyo ndivyo wanawake wa mtaani walivyozoea kulisimulia jambo lile. Ukweli ni kwamba alizima turubai letu peke yake, na nyumba za majirani ziliendelea kuwaka kama kawaida, jambo ambalo lilizidisha fedheha.

Wasomaji wa Mvita hawana haja ya kuelezwa kupamba ni nini. Bibi harusi amekalishwa juu ya kiti, amejaa asumini na dhahabu, nyingine zake na nyingine za kuazima. Wanawake wamebanana kutoka ukuta hadi ukuta, waimbaji wa taarabu wako upande mmoja, na vipaza sauti vimepangwa juu ya meza. Sisi tulikuwa na hayo yote, na juu yake taa za rangi na feni nne kubwa. Mita ya nyumba yetu isingaliweza kuubeba mzigo ule, na hata ingaliweza, mamangu alikuwa mjane asiye na uwezo wa kulipa bili ya namna ile. Basi kijana mmoja wa nyumba alipanda ghorofani, akatoa mkono dirishani, akatundika waya kwenye nyaya zipitazo njiani, na mambo yakawa mazuri.

Kijana huyo alikuwa ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika jambo hili.

Ami alifika baada ya sala ya Isha kuwasalimu wanaume waliokaa barazani. Alikuwa fundi wa stima katika kiwanda kimoja cha hapa Pwani, kiwanda chenye kituo chake chenyewe cha kupokea nguvu kubwa. Mtu wa kazi hiyo hatazami taa kama tunavyozitazama mimi nawe. Sisi twaona mwangaza, yeye huufuata waya kwa macho mpaka aone ulikotoka. Hakukawia. Aliuliza mara moja tu, "Nani kaunga?" Watu wakanyamaza, na mimi nikanyamaza pamoja nao. Akachukua upondo mkavu uliokuwa umelazwa uani, akaupandisha, akauangusha ule waya.

Kiza kikatanda. Kilichofuata ni kelele za wanawake mia mbili, watoto wakilia, na sauti ya mwimbaji mmoja ikiendelea peke yake bila kipaza sauti mpaka alipotambua mambo yameharibika. Mamangu alitoka nje na buibui lake mkononi. Alimwambia ami mbele ya watu wote, "Shemegi, umenivua nguo." Ami hakujibu kitu. Zikatafutwa karabai kwa majirani, zikapigwa pampu, na dada yangu akapambwa kwa mwangaza wa karabai sita, kama alivyopambwa bibi yetu zamani.

Tangu siku hiyo mamangu na ami waliamkuana siku za Idi tu. Mama alifariki mwaka wa 2005. Mungu amrehemu.

Nimeyatanguliza hayo kwa sababu mwezi wa Shaabani uliopita ami alinipigia simu akaniomba nimsindikize Rabai. Sasa ashapita miaka sabini na mitano, na magoti hayampi nafasi ya kupanda matatu peke yake. Nilijua kwamba kila mwaka kabla ya Ramadhani huenda huko, lakini sikujua afuatani. Nilidhani ni shamba.

Tulipanda gari la Mazeras asubuhi mapema, na hapo tukashika njia ya Rabai. Watu wengi wa mjini wakilisikia jina la Rabai hukumbuka mambo mawili. La kwanza ni wale wamisheni wa Kijerumani, Krapf na Rebmann, waliojenga kituo chao huko mwaka wa 1846. La pili ni kaya ya Warabai, ambayo pamoja na kaya nyingine za Mijikenda iliingizwa mwaka wa 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Jambo la tatu halikumbukwi na mtu, ingawa kila mmoja wetu hulitumia akibonyeza swichi. Stima ya Mombasa na ya sehemu kubwa ya Mwambao huu, kusini na kaskazini, hupitia katika uwanja mmoja wenye uzio hapo Rabai.

Hatukuingia ndani. Si mahali pa kuingia mtu asiye na kazi, na ami ni wa mwisho kuomba apendelewe. Tulisimama mbali kidogo na uzio, chini ya mkorosho, naye akaegemea fimbo yake akawa anatazama kama mtu atazamavyo jahazi alilopata kulifanyia kazi.

"Wasikia?" akaniuliza.

Nilisikia. Ni mngurumo wa chini, mzito, usiopanda wala kushuka, kama msikiti uliojaa watu wanaosoma uradi kwa pamoja. Ami alinieleza kwamba sauti ile hutoka kwenye transfoma. Ndani ya kila transfoma mna moyo wa chuma uliopangwa kwa mabamba membamba, na stima yetu hubadili mwelekeo wake, huku na huku, mara 50 kwa kila sekunde. Chuma hujinyoosha na kujikunja kidogo kabisa kila nguvu ya sumaku inapopanda, iwe kwa upande huu au ule, kwa hiyo hutikisika mara 100 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti. Fundi mwenye sikio zuri hujua kwa mngurumo tu kwamba transfoma imezidiwa na mzigo, au kuna kitu kimelegea ndani.

Jambo linalonistaajabisha mimi ni kwamba ndani ya mashine ile waya unaoingia na waya unaotoka haugusani. Kuna misokoto miwili ya shaba iliyouzunguka ule moyo wa chuma. Wa kwanza huamsha sumaku, sumaku huamsha stima katika wa pili, na ukipunguza mizunguko ya ule wa pili, volti nazo hupungua kwa kipimo hicho hicho. Vyote vimezamishwa ndani ya mafuta, na mafuta yana kazi mbili. Huchukua joto na kulipeleka kwenye yale mapezi ya nje yanayofanana na mbavu, na pia huzuia stima isiruke ovyo. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno zuri kwa mahali kama hapa. Wao husema kituo cha kupozea umeme, na sijui kama aliyelibuni alikusudia joto la mafuta au ukali wa volti, lakini kwa maana zote mbili hakukosea.

KUTOKA TANA HADI KWENYE FENI

Hapo nilimwuliza ami swali ambalo huenda wasomaji wengi nao wanalo. Kwa nini stima isiletwe moja kwa moja ikiwa tayari kwa matumizi, mpaka ipandishwe kisha ishushwe tena?

Jibu lake lilikuwa la kifundi lakini lafahamika. Waya wowote huikataa stima kidogo, na kukataa huko hugeuka joto linalopotelea hewani. Hasara hiyo haitegemei volti, yategemea wingi wa mkondo unaopita, na mkondo ukizidi mara mbili hasara huzidi mara nne. Dawa ni kuongeza volti ili mkondo upungue. Chukua laini moja inayotoka kwenye bwawa la Kiambere katika mto Tana hadi Rabai, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Yenyewe huja kwa volti 220,000. Lau mtu angejaribu kuleta nguvu zile zile kwa volti 11,000, kama zile za nguzo za mitaani, mkondo ungekuwa mara 20 na hasara ingekuwa mara 400. Maana yake ni kwamba tungekuwa twapasha joto ndege wa njiani, na hapa Mombasa kusingefika kitu.

Basi Rabai huipokea kwa volti 220,000 na kuishusha hadi 132,000. Kwa kipimo hicho yaenda Kipevu, yaenda kusini hadi Galu, na yaenda pwani ya kaskazini. Katika vituo vidogo hushushwa tena hadi 33,000 na 11,000, na mwisho ile transfoma ya juu ya nguzo, tuliyozoea kuiona karibu na duka la mtaani, huifanya 240. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikizungusha feni zetu nne mwaka wa 1994. Ipo pia laini ya volti 220,000 itokayo hapo hapo Rabai ikapita Malindi na Garsen hadi Lamu, zaidi ya kilomita 300. Zamani watu wa Amu waliwashiwa taa kwa mashine za dizeli zilizokuwa kisiwani, na siku mashine zikiugua mji mzima ulirudi kwenye taa za kandili.

Ule mto Tana una mambo yake. Mabwawa yake yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Maji yakishazungusha mashine zote hizo huendelea na safari yake mpaka baharini karibu na Kipini. Stima iliyotolewa ndani yake hukata njia ya mkato ikafika kwetu kwa juu. Maji na moto wa mto mmoja vyote hushukia Pwani, kila kimoja kwa mlango wake. Wakulima na wafugaji wa kule chini wana malalamiko yao kuhusu mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba na ambayo hayaji tena kama zamani, na sidhani ni haki kuzisifu taa bila ya kuwakumbuka.

Siku hizi si Tana peke yake. Mwaka wa 2017 laini nyingine ilikamilika kutoka Isinya, karibu na Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 480, iliyojengwa kuweza kubeba volti 400,000. Kupitia kwake mvuke wa Olkaria unaotoka chini ya ardhi hutufikia huku, na mitambo ya Pwani inayochoma mafuta mazito, ya Kipevu na ule wa megawati 90 wa hapo Rabai, ikapunguziwa kazi. Hapa ningependa kutia neno langu kama mpenda lugha. Sisi Wakenya twasema "stima" na wenzetu wa Tanzania wasema "umeme", nao hutucheka. Husema stima ni mvuke, na ni meli ya moshi, sasa yaingiaje kwenye balbu? Mimi nilikuwa nikiona haya. Sasa sioni tena, kwa sababu sehemu kubwa ya taa zetu leo yatoka kwenye mvuke wa Olkaria. Neno limekaa miaka mingi likingoja maana yake, na imelifikia. Umeme nao ni ule wa mbinguni wakati wa mvua, na ami asema huo ndio hasa adui wa kituo, kwani kila mlingoti na kila transfoma hapo ina kifaa chake cha kuukimbiza ardhini.

CHUMVI, TUMBILI NA NENO LA SULTANI

Tulikuwa tumekaa chini sasa, juu ya mizizi, na ami akawa na hamu ya kusema. Alinionyesha vile vikombe vya kauri vilivyopangwa kama sahani, kimoja juu ya kingine, vinavyoning'iniza nyaya. Kazi yake ni kuitenga stima na chuma cha mlingoti. Huku kwetu vina maradhi ambayo huko bara hayajulikani sana, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari huja na chumvi isiyoonekana, ukaipaka juu ya vikombe siku hadi siku. Wakati wa jua kali haina neno. Hatari huja na manyunyu ya kwanza, yale yasiyotosha kuosha lakini yatosha kulowesha. Chumvi ikilowa hugeuka njia, na stima hutambaa juu ya kikombe ikilia kama mafuta kwenye karai, mpaka iruke kwa mwanga mkubwa na laini izimike. Ndiyo maana mafundi wa Pwani huogopa manyunyu kuliko masika yenyewe. Masika huosha.

Chini, uwanja mzima umemwagwa kokoto. Nilidhani ni kuzuia majani yasiote. Ami akacheka. Chini ya kokoto kumefukiwa wavu wa shaba uliofumwa uwanja mzima, ili stima ikipotoka ipate pa kuzama. Wakati huo ardhi yenyewe huwa na volti, na mtu akipanua miguu, mguu mmoja waweza kuwa mahali penye volti zaidi ya mwingine, ikapita ndani ya mwili wake. Kokoto kavu hupunguza hatari hiyo. Ikiwa waya umeanguka karibu nawe, asema, usikimbie. Toka kwa kuburura miguu hatua fupi fupi, visigino vikigusana. Naandika hili kwa sababu waya huanguka mitaani pia.

Nilimkumbusha kisa cha tumbili. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa katika kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, transfoma ikajizima. Mashine nyingine zikazidiwa na mzigo zikajizima nazo, na Kenya nzima ikabaki gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alitoka salama. Mimi hukisimulia kisa hicho kuwachekesha watu, ila ami hakucheka. Alisema stima haina ghala. Inayotengenezwa sekunde hii ndiyo inayotumiwa sekunde hii, na kipande kimoja kikikatika ghafla, vingine vyote hubebeshwa mzigo wake kwa kufumba na kufumbua. Vilivyojizima siku ile vilifanya sawa. Visingejizima vingeungua. Kuna wanadamu pia waliofanya makubwa kuliko tumbili. Mwezi wa Januari 2022 milingoti ya laini ya Kiambere hadi Nairobi ilianguka na nchi ikazimika, na serikali ilisema vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Wako pia wanaofyonza mafuta ya transfoma wakayauza ya kukaangia, na wanaoyala hawajui wanakula nini.

Nilipotaka kujua haya yote yalianzia wapi, ami alinipeleka Unguja. Kampuni ya stima ya Kenya yenyewe, ambayo serikali ndiyo yenye hisa nyingi zaidi, zaidi ya nusu, husimulia historia yake hivi. Mwaka wa 1875 Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipata mashine ya kumulika kasri yake na njia za karibu. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa wa ukoo wa Jeevanjee aliichukua mashine hiyo, ikaingia katika kampuni ya Mombasa Electric Power and Lighting. Nairobi nayo ikapata kampuni yake wakati huo huo, na mwaka wa 1922 zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting, jina lililodumu mpaka 1983 lilipogeuzwa kuwa Kenya Power and Lighting.

Mimi ule mwaka wa 1875 naushuku kidogo, kwa kuwa taa ya balbu aliyoifanikisha Edison ilikuwa ya 1879, na kama Seyyid alikuwa na stima kabla ya hapo basi zilikuwa zile taa za cheche za kaboni. Seyyid Barghash alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya, na Beit al-Ajaib aliyoijenga mwaka wa 1883 ni shahidi, ingawa sehemu yake iliporomoka mwezi wa Disemba 2020. Lakini iwe 1875 au baadaye, twaambiwa na wenyewe kwamba stima ya nchi hii ilianza kwa mashine ya kasri ya Unguja iliyovuka bahari hadi Mvita. Watoto wetu hufunzwa kwamba kila kipya kilishuka kutoka bara. Hiki kiliingia kwa bandari.

NENO MOJA

Jua lilikuwa limeshapanda, nami nikadhani twarudi. Ami akasema bado, kuna nyumba.

Tulitembea kama robo saa tukipita chini ya nyaya zenyewe. Ukisimama chini yake hasa husikia mlio mwembamba, na siku yenye umande, asema ami, husikika zaidi. Watu wanalima muhogo pale chini kama kwamba hakuna kitu. Katika kijiji tulichofika, nyumba zilizo jirani na milingoti ile zilikaa miaka mingi zikiwasha koroboi, kwani stima ya volti 220,000 hupita juu ya maskini bila ya kumsalimu. Kumpa yeye hutaka transfoma, nguzo, waya na mita, na hivyo ndivyo vilivyokawia. Nyumba tuliyoingia ilipata taa mwaka wa 2017.

Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mzee sana, Mrabai, amekaa juu ya mkeka. Ami alivua viatu akamwamkia kwa Kirabai, mama akamwitikia kwa jina la utani ambalo sikupata kulisikia maishani. Nilipeleka ndani tende, sukari na kitenge. Walizungumza juu ya mvua na bei ya unga, kisha ami akaomba kwenda nyuma ya nyumba. Palikuwa na kaburi dogo lililozungushiwa mawe. Aliokota majani makavu moja moja.

Tulipokuwa twarudi njiani ndipo aliponieleza. Aliyelala pale alikuwa msaidizi wake kiwandani, kijana wa miaka ishirini na mbili, mtoto wa mama yule. Ilikuwa mwaka wa 1989. Walikuwa na kazi ya kubadilisha vikombe vilivyoliwa na chumvi. Sheria ya kazi ni kwamba kwanza hufunguliwa swichi kubwa, kisha vile visu vya kutenga ambavyo mtu huviona kwa macho kwamba vimeachana, kisha waya hupimwa, na mwisho hufungwa na ardhi kwa kebo ya shaba. Mpaka ufungwe na ardhi, waya uliozimwa bado si waya uliokufa. Waweza kupata stima kutoka upande wa pili ambao hukuukumbuka.

"Swichi niliifungua mimi," alisema. "Visu nilivifungua mimi. Kebo ya ardhi ilikuwa mbali, kwenye gari, na ilikuwa Ijumaa, saa sita kasoro. Akaniuliza, tayari? Nikamwambia, tayari."

Upande wa pili ulikuwa hai.

Alikaa kimya mpaka tulipofika kwenye barabara. Kisha akasema kwamba usiku ule wa Kibokoni, waya niliouangika ulipita juu ya mlingoti wa chuma wa turubai, na mpira wake ulikuwa umekwisha kukwaruzwa. Watoto watatu walikuwa wameushika mlingoti ule wakichungulia ndani. Hakuwa na nafasi ya kuanza kueleza. Na baadaye, mamangu alipomwambia vile, aliona kueleza kungekuwa kutafuta mwenye kosa, na mwenye kosa alikwisha mjua.

"Ulijua ni mimi, ami?"

"Mwanangu, ulikuwa peke yako usiyeniangalia usoni."

Nilimwomba radhi pale pale kituoni Mazeras, katikati ya wauza mahindi. Alisema ashanipa zamani. Kisha akaniuliza kama matatu zile za bluu bado zafika Mwembe Tayari, kwa maana magoti yamemchosha.

Jioni ile nilikwenda kwa dada yangu. Sasa ni bibi mwenye wajukuu wanne, na juu ya kabati lake ameweka karabai moja kati ya zile sita, ambayo mwenyewe hakuja kuidai tena. Nilisubiri mpaka waliposali Magharibi na kuwasha taa. Nikamwambia yote, ya waya, ya mlingoti wa turubai na ya kaburi la Rabai. Alikuwa akikuna nazi, na mkono wake haukusimama.

"Mimi nimejua tangu usiku ule," alisema. "Ulikuja kunipa mkono wa heri, na vidole vyako vilikuwa vyanuka mpira ulioungua."

Nikamwuliza kwa nini basi hakumwambia mama.

"Na wewe?" akanijibu. Kisha akanipa bakuli nichuje tui.